Mdogo wangu anavuta bangi, mjomba anataka akafungwe mnyororo

Shangazi, shikamoo.

Nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni dada wa miaka 28, naishi Makorora, Tanga. Alfajiri nipo Deep Sea nasubiri wavuvi washushe samaki, jioni nakaanga na kuuza barazani kwetu. Baba alitangulia mbele ya haki zamani. Mama yuko Oman kwenye kazi za ndani, huu ni mwaka wa tatu. Wadogo zangu wawili ameniachia mimi. Mkubwa ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na kitinda mimba ana miaka 11, yuko darasa la tano.

Shida ni huyu mkubwa. Alikuwa mtoto mtulivu, hana analolijua zaidi ya mpira. Mwaka jana aliumia goti, akaacha kucheza. Kuanzia hapo akawa wa kukaa maskani na vijana waliomzidi umri, nyuma ya godauni moja bovu. Nikaanza kusikia harufu ya bangi kwenye nguo zake. Nilipombana alikubali: "Dada, ni ndumu tu, si ni majani haya, kila mtu anavuta." Nikamgombeza, nikalia, akaapa ataacha.

Hakuacha. Siku hizi akirudi jioni anakaa kwenye kochi anasinzia huku anaongea, neno linamkatikia mdomoni, mara anajikuna pua, mara shingo. Chakula hagusi. Juzi nafua sare zake, kwenye mfuko mdogo wa suruali nikakuta kipande cha nailoni kimeviringishwa na kuchomwa ncha kwa moto, hakizidi punje ya mahindi, kimebakiwa na vumbi la rangi ya kahawia. Akasema ni dawa ya kuchua goti kapewa na rafiki yake. Shangazi, mimi ni mtoto wa mjini, najua kete ya unga inafananaje. Lakini nataka kuamini ni bangi tu.

Jumapili moja niliamua asitoke. Asubuhi alikuwa sawa, ila mkali. Mchana akaanza kupiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yakamtiririka, akajifunika shuka na joto lote lile, huku vipele vya baridi vimemsimama mikononi. Analalamika magoti na kiuno, tumbo linamwendesha. Nikampeleka duka la dawa, wakamuuzia dawa za malaria bila hata kumpima. Magharibi akaruka ukuta wa uani. Aliporudi usiku alikuwa mzima, anacheka, hana mafua wala homa. Nikabaki najiuliza ni malaria gani hiyo.

Mjomba wetu amesema dawa ni moja. Kuna nyumba nje ya mji wanapokea mateja, wanawanyoa, wanawafunga mnyororo mguuni mpaka "sumu iishe mwilini". Hela inalipwa mbele, na ndugu haruhusiwi kwenda kumwona mgonjwa. Mjomba ameshaongea nao, anataka kuja wiki ijayo amchukue usiku akiwa amelala. Bibi jirani naye anasema mtoto kachezewa, apelekwe akasomewe.

Mama hajui chochote. Kila mwisho wa mwezi anamtumia hela kwenye simu yake mwenyewe, anasema hataki mwanawe aone upweke. Naogopa nikimwambia ataacha kazi arudi, na madeni ya nyumba bado hayajaisha.

Halafu huyu mdogo. Majuzi aliniuliza, "Dada, kwani kaka anakula unga? Shuleni wananiita mdogo wake teja." Nikamwambia anyamaze, hayo ni mambo ya wakubwa. Uso wake ulibadilika. Na nimesikia wale wa maskani huwa wanamtuma sigara dukani, wanamwachia chenji.

Nimwache mjomba amchukue? Nimwambie mama? Na huyu mdogo nimlinde vipi?

Dada Mtu, Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na lile ambalo siku zake zinakwenda. Mjomba asimchukue huyo kijana. Mpigie leo, kwa heshima yote, umwambie unaomba kwanza mtoto apimwe hospitali, na kwamba utamhitaji yeye katika hilo. Sababu nitakupa, ila hazitaeleweka mpaka tukubaliane mtoto anatumia nini.

Unataka kuamini ni bangi tu. Ninakuelewa, hakuna dada ambaye angetaka kuamini vingine. Lakini ile Jumapili umeieleza vizuri kiasi kwamba yeyote aliyewahi kukaa na waraibu angekutajia jina lake kabla hujafika katikati: ile ni arosto, mateso ya mwili uliokosa dawa ya kulevya uliyoizoea. Bangi haifanyi vile. Anayekatisha bangi ghafla hukosa usingizi, hukasirika ovyo, hupoteza hamu ya kula, pengine hutoka jasho. Hatiririkwi na makamasi, haharishi, wala mifupa haimuumi vile, kisha akatoka kidogo na kurudi anacheka. Mwili uliozoea heroini, yaani unga, ndio unaoidai hivyo. Hudai baada ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu mara ya mwisho, mateso hupanda mpaka siku ya pili na ya tatu, halafu hupungua taratibu kwa muda wa wiki moja hivi. Ulimzuia tangu asubuhi, mchana yakaanza. Kusinzia akiongea na kujikuna pua ni za huko huko. Ukitaka kujiridhisha zaidi, mwangalie mboni za macho jioni taa ikiwa hafifu. Za mtu asiyetumia hufunguka kutafuta mwanga, zake utazikuta zimebana zikabaki vitone. Bangi huleta macho mekundu, haibani mboni.

Na huenda alipokuambia ni ndumu tu hakuwa anakuongopea, angalau mwanzoni. Maskani za pwani yetu wana kitu wanakiita kokteli: unga unanyunyizwa ndani ya msokoto wa bangi. Kijana anapewa na wakubwa zake, mara za kwanza bure, anaambiwa hii ni kali zaidi. Anavuta kama anavyovuta siku zote. Anakuja kujua ni unga siku anapoamka na mafua yasiyopona mpaka avute tena. Hakushika sindano, hakununua kete, lakini tayari mwili umeshikwa. Kwa hiyo wanaosema bangi ni majani tu nawaomba waniambie nani anayejua kilichosokotwa humo ndani. Hata bangi yenyewe bila kuchanganywa si salama kwa kichwa cha umri wake, kwa sababu ubongo unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Wanaoanza wakiwa vijana wadogo, takriban mmoja kati ya sita hunasa, na wapo inaowafungulia mlango wa kuchanganyikiwa akili.

Unga wenyewe haulimwi kwetu. Kwa miaka mingi umekuwa ukitoka Afghanistan, unateremshwa hadi pwani ya Iran na Pakistan, unavuka bahari kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki ukielekea kwingine, na kiasi fulani hubaki njiani. Ndiyo maana miji yetu ya pwani iliujua mapema. Nakutajia haya ili usikae ukijihesabia makosa ya malezi. Na bibi jirani mshukuru kwa nia yake. Kumsomea ni jambo jema, na kama yupo ustadhi aliyemfundisha huyo kijana na anayempenda, mwombe awe anakaa naye. Ila kisomo kisishike nafasi ya hospitali. Vyote viwili vinachukulika katika wiki moja.

Sasa ile nyumba ya minyororo. Mtu anayetumia kila siku, mwili wake huzoea kipimo fulani. Ukimfungia wiki kadhaa, mazoea ya mwili yanaondoka, hamu kichwani inabaki. Siku anatoka, anakutana na yule yule wa nyuma ya godauni, anavuta kipimo kile kile cha zamani, na safari hii mwili hauna uzoefu nacho. Pumzi inapungua mpaka inasimama. Vifo vya kuzidisha dozi ni vingi katika wiki za mwanzo baada ya mtu kutoka gerezani au mahali alipofungiwa, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote katika barua yako. Mjomba anadhani anamwokoa. Mnyororo unaweza kuutoa unga mwilini, lakini haumfundishi kijana atamjibu nini pusha akimwita kwa jina.

Kuna na hili la kumbeba usiku. Mtoto amezika baba, mama yuko ng'ambo, aliyebaki ni wewe. Akiamka ameshikwa mikono na watu asiowajua, na wewe umesimama mlangoni unaangalia, akirudi hatakuambia tena ukweli wowote. Na mahali ambapo ndugu hakaribishwi, hakuna jicho la kuona mtoto wa miaka 17 analala na nani wala anafanywa nini.

Sisemi nyumba zote ziko hivyo. Zipo nyumba za upataji nafuu zinazofanya kazi kwa utu, nyingine zinaendeshwa na watu waliotumia wenyewe wakaacha, na hao wanajua mengi ambayo daktari hayajui. Mkifika huko baadaye, mjomba aulize: mmesajiliwa? Mhudumu gani wa afya anaingia hapa? Tunaruhusiwa kumwona lini? Walio chini ya miaka 18 wanalala wapi? Arosto ikimshika mnampa nini? Wenye kazi safi hujibu hayo bila kukunja uso.

Pa kuanzia pako karibu na wewe kuliko unavyodhani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Bombo ina kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Huduma hii ilianza nchini mwaka 2011 pale Muhimbili, ikasambaa mikoani, na Bagamoyo nao wanayo. Dawa ni ya maji, mgonjwa anainywa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, kila siku, bila malipo. Inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo arosto haimpati, na kwa kipimo sahihi haimlewishi. Anaweza kuinywa asubuhi akaenda shule au kazini. Nawasikia wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga. Waende wakawaone waliokuwa wanalala vibarazani na leo wanafungua meza zao za biashara, wanalea watoto wao. Hiyo ni tiba, na kuna watu ambao isingekuwepo tungeshawazika.

Lakini usiende kudai methadoni. Nenda kuomba apimwe. Inatibu uraibu wa heroini na jamii yake, haitibu bangi, na kwa kuwa kijana ni mdogo na pengine hajatumia muda mrefu, wataalamu wanaweza kuamua kumpa dawa za kutuliza arosto tu, pamoja na ushauri nasaha wa karibu. Hiyo ni kazi yao kuamua. Watampima mkojo, na omba apimwe pia Virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu. Kwa umri wake lazima mlezi awepo, basi chukua cheti chake cha kuzaliwa, na mama awe tayari kupokea simu. Usiogope polisi. Kliniki ile ni ya wagonjwa, haikamati mtu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, ina namba ya bure, 119, unaweza kuipiga ukiulizia huduma, na pia kutoa taarifa za anayeuza. Ukitaka kutoa taarifa, tumia simu, usitaje jina lako. Wewe unauza samaki gizani barazani, mdogo wako anapita pale kila siku. Usiende kumfokea pusha mbele za watu ili uonekane jasiri.

Utampeleka vipi? Usimwanze akiwa anasinzia, hatakusikia, wala akiwa katikati ya maumivu, atakuahidi chochote. Tafuta saa ametulia, mfanye kazi pamoja, mkipaa samaki kwa mfano, asiwe anatazamwa usoni. Mwambie: "Ile Jumapili niliona, na najua haikuwa malaria. Sikugombezi. Nataka twende Bombo, nitakaa na wewe foleni mpaka mwisho." Kisha nyamaza. Acha kumuuliza "kwa nini unatufanyia hivi", swali hilo huzaa uongo. Muulize vitu vinavyojibika: mara ngapi kwa siku, tangu lini, anavuta au anajidunga. Akikuambia amewahi sindano, usipige kelele, mwombe asichangie na mtu na aseme hivyo hivyo kliniki. Akikataa kwenda, rudia kesho kutwa kwa sauti ile ile. Wengi hukubali asubuhi moja ambayo hela imekata na mwili unadai, na asubuhi hiyo wewe uwe tayari na nauli.

Kitu kingine. Goti umeliandika mstari mmoja ukalipita, mimi nimerudi kulisoma tena. Mtoto aliyeacha mpira alipoteza jezi, kocha, wenzake wa rika lake, na kazi ya kufanya kuanzia saa kumi mpaka magharibi kila siku. Maskani ilimpokea saa hizo hizo. Na kama goti lilikuwa linauma, huenda alipata kitu kilicholituliza. Mkiwa Bombo mwombeni daktari aliangalie. Hata kama hatacheza tena, ongea na kocha wake apewe kazi uwanjani: kushika muda, kutunza mipira, kufundisha wadogo. Nisingelichukulia hili kama jambo dogo. Ukimtoa maskani bila kumwonyesha pa kwenda saa kumi jioni, atarudi maskani.

Shuleni, tafuta mwalimu mmoja anayeshughulikia malezi na ushauri, si ofisi nzima. Mwambie mtoto yuko kwenye matibabu na atachelewa asubuhi kwa muda. Lengo ni abaki kwenye daftari la mahudhurio, maana kijana aliyefukuzwa shule anapatikana maskani kuanzia asubuhi.

Mama mwambie, na usisubiri. Mwambie ukiwa umeshapanga siku ya kwenda hospitali, ili asikie tatizo na hatua kwa pamoja. "Mama, kijana anaumwa, ameingia kwenye unga, nampeleka Bombo siku fulani, mjomba atanisaidia. Nakuomba kitu kimoja: hela yake nitumie mimi." Usimweleze habari za hela kama lawama. Alikuwa anatuma mapenzi yake kwa njia pekee aliyokuwa nayo huko aliko. Nauli, daftari, kunyoa, lipa wewe mkononi kwa anayehusika. Badala ya hela, ampigie kwa video siku zile zile za kila wiki, hata kwa dakika chache, amuulize habari za kliniki. Kuhusu kurudi, mwambie kwa sasa haijafikia hapo. Madeni yakiwa yanalipika, nyumba inabaki na utulivu wa kumtibu mtoto.

Haya yafuatayo yajue wewe na kila mtu mzima wa nyumba hiyo. Ukimkuta haamki ukimtikisa na kumwita, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida au pumzi zinakuja moja moja, midomo na kucha zimebadilika rangi, hiyo ni dozi iliyozidi. Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimnyweshe maziwa, usimnyweshe maji ya chumvi, usimwache "alale apoe". Tafuta bajaji au gari, mkimbizeni hospitali, na mseme waziwazi ametumia unga. Ipo dawa inaitwa naloksoni inayorudisha pumzi, lakini daktari anahitaji kujua kilichotumika. Hatari hiyo inazidi sana unga ukichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi.

Nimemwacha mdogo mwisho ila ndiye niliyemfikiria zaidi. Alikuuliza swali la kweli ukamwambia anyamaze, na wewe mwenyewe uliona uso wake. Rudi kwake leo. Mwite pembeni umwambie: "Uliniuliza kuhusu kaka. Ndiyo, anatumia unga, ni ugonjwa, tunampeleka hospitali. Si kosa lako, na mtu akikuita mdogo wake teja njoo uniambie mimi." Mtoto wa miaka 11 anayejibiwa nyumbani hana haja ya kwenda kuuliza maskani.

Wengi wanadhani kumkinga mtoto ni kumtisha. Marekani walianza mwaka 1983 mpango unaoitwa DARE, askari wakaingia madarasani kuwaonya watoto juu ya dawa. Watafiti walipowafuatilia watoto hao miaka ya baadaye hawakuona tofauti ya maana kati yao na wasiofundishwa. Aislandi walikwenda njia nyingine. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa pombe ndani ya mwezi mmoja uliopita. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5, na waliowahi kugusa bangi walishuka kutoka asilimia 17 hadi 7. Walichofanya hakikuwa kigeni kwetu. Wazazi wa eneo moja walikubaliana saa ya watoto kuwa ndani, serikali ikachangia gharama za michezo na muziki, na wazazi wakahimizwa kutumia muda mwingi zaidi na watoto wao siku za kawaida. Najua wao wana fedha na viwanja tusivyo navyo. Lakini kukubaliana saa ya kurudi nyumbani hakuhitaji bajeti. Ongea na mama wawili watatu wa mtaa wenu, watoto wote wawe ndani baada ya Magharibi, ili wako asije akasema ni yeye peke yake anayefungiwa. Mitaa ya Tanga iliishi hivyo, mtu mzima yeyote alikuuliza unakwenda wapi na ulijibu.

Kuhusu sigara anazotumwa, hapo ndipo mlango ulipo. Chenji ile ni mshahara wa kwanza. Leo anabeba sigara, kesho anaambiwa abebe kitu kingine, na siku moja anaonjeshwa kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, au sigara yenyewe kama zawadi. Nenda kwa mwenye duka, ongea naye kama jirani, mkumbushe kwamba sheria inakataza kumuuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18, na kwamba wako ana miaka 11. Kisha mpe mdogo wako jibu la kutumia, maana watoto hushindwa kwa kukosa la kusema. "Dada kanikataza, na nikienda ataniona pale barazani." Mjaribu, wewe uwe yule kaka wa maskani, umbembeleze, umcheke, yeye ajibu mpaka jibu limkae mdomoni. Mfundishe asile biskuti wala pipi anayopewa na mtu asiyemjua vizuri, kwa sababu Mamlaka imeshakamata biskuti zilizotiwa bangi hapa hapa nchini. Na kila siku akirudi muulize kitu kinachohitaji maelezo: leo ulicheza na nani, nani aligombana, ulirudi na njia gani. Ukiona kuna jambo linamzidi na wewe huwezi kulitatua, ipo namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116, anaweza kuipiga hata yeye mwenyewe.

Nirudi kwa mjomba. Usimfanye adui, ana hasira kwa sababu anaogopa kumzika mtoto wa dada yake. Mpe kazi. Wewe alfajiri uko Deep Sea na huwezi kuwa Bombo wakati huo huo, basi mwombe yeye ndiye awe anampeleka kliniki asubuhi na kumfikisha shuleni, na ile hela aliyotaka kuilipa kule nje ya mji iwe nauli. Siku ya kwanza nendeni wote watatu, muwahi, na kile kipande cha nailoni kama bado unacho kitupe chooni kabla hamjatoka nyumbani.

Shangazi